Pengo Si Sifuri: Juu ya Namba Kamili Zinazokosekana katika Programu za Takwimu

Neno sifuri liliingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, ambamo sifr lilikuwa na maana ya kitu kitupu kabla halijawa jina la tarakimu. Asili hiyo haina ubaya wowote katika kamusi, lakini katika hesabu za takwimu yafaa isahauliwe. Sifuri si utupu. Sifuri ni jibu kamili: mtu ameuliza "ni ngapi?", naye akajibiwa "hapana hata moja". Utupu ni jambo jingine kabisa, yaani pale ambapo hakuna aliyeuliza, au aliuliza lakini jibu likapotea njiani. Wataalamu wa lugha, ambao siku hizi huhesabu maneno kwa maelfu na mamilioni kwa msaada wa kompyuta, wanahitaji kujua jinsi mashine inavyotofautisha mambo haya mawili, na hasa jinsi inavyoweza kuyachanganya pasipo kumwambia mtu.

Uchukuliwe mfano wa mtafiti wa lahaja aliyeko Mombasa, ambaye ataka kujua ni mara ngapi wasemaji hutumia maumbo ya Kimvita kama vile mato na kuteka badala ya macho na kucheka. Amerekodi mazungumzo ya wasemaji watano, saa moja kwa kila mmoja. Msemaji wa kwanza ametumia maumbo hayo mara 12; wa pili mara 7; mazungumzo ya wa tatu hayakusikika kwa sababu chombo cha kunasia sauti kiliharibika; wa nne ametumia mara 9; wa tano hakuyatumia kabisa, kwa hiyo ameandikiwa 0. Wastani wa haki ni 28 kugawanya kwa 4, yaani 7, kwa kuwa wasemaji waliosikika ni wanne. Pengo la msemaji wa tatu likifanywa sifuri, wastani utashuka hadi 5.6. Likiandikwa 99 kwa desturi ya zamani ya kuweka namba ya kubuni, na mtu akasahau kuiondoa, wastani utapanda hadi 25.4. Na kuna hitilafu ya tatu, itakayoelezwa hapa chini, ambayo huleta wastani wa −429,496,724.

Hitilafu hiyo ya tatu ndiyo yenye heri kuliko zote, maana hakuna mhariri atakayeipitisha. Ile ya kwanza ndiyo ya kuogopwa. Namba 5.6 haina dalili ya ubaya. Itachapishwa, nayo itasomwa kuwa ushahidi kwamba umbo la lahaja linafifia, hali kilichofifia ni sauti katika chombo.

Desturi ya kuandika 9, 99 au −1 mahali pasipokuwa na jibu ilikua katika zama za kadi zilizotobolewa matundu, ambazo zilikuwa na safu 80. Ilikuwa desturi yenye sababu. Katika lugha ya FORTRAN ya miaka ya 1960, nafasi iliyoachwa tupu katika kadi, mahali palipotarajiwa namba, ilisomwa kuwa sifuri. Mtu aliyeacha nafasi wazi akidhani kwamba amesema "sijui" alikuwa amesema "hapana". Basi wenye busara wakajaza nafasi hizo kwa namba ambayo haikuweza kuwa jibu la kweli, na programu kama SPSS, iliyoanza mwaka 1968, zikampa mtafiti njia ya kutangaza kwamba namba fulani ihesabiwe kuwa ni pengo. Udhaifu wa njia hiyo ni kwamba tangazo hukaa mbali na data. Faili likihamishwa kwenda katika programu nyingine, 99 husafiri peke yake, na huko iendako hujulikana kama tisini na tisa tu.

Ili kufahamu kwa nini jambo hili ni gumu kwa namba kamili kuliko kwa namba za desimali, hapana budi kutazama namna namba inavyohifadhiwa. Namba kamili ya kawaida katika kompyuta hupewa biti 32, na kila biti ina hali mbili. Hivyo yapatikana maumbo 4,294,967,296, na kila umbo limekwisha kupewa namba yake, kuanzia −2,147,483,648 hadi 2,147,483,647. Hapana umbo hata moja lililobaki bila kazi. Anayetaka alama ya pengo hana budi kuinyang'anya namba moja umbo lake. Namba za desimali zina nafasi zaidi: kanuni inayozitawala imetenga maumbo mengi ya kuonyesha jambo lisilo namba, na waundaji wa programu wanaweza kuchagua mojawapo.

Lugha ya R, ambayo Ross Ihaka na Robert Gentleman waliianza katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa kufuata mfano wa lugha ya S, imefanya uchaguzi wa wazi. Alama yake ya pengo ni NA, herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza yenye maana ya "haipatikani". Kwa namba za desimali, NA ni mojawapo ya yale maumbo yaliyotengwa, na ndani yake imefichwa namba 1954. Kwa namba kamili, NA ni ile ndogo kuliko zote, −2,147,483,648. Uchaguzi huo una mantiki, kwa sababu namba hiyo ndiyo pekee isiyokuwa na mwenzake upande wa chanya. Ikiondolewa, hesabu hubaki na mizani sawa kwa pande zote mbili.

Lakini maana ya jambo hili yafaa itazamwe vizuri. Pengo la R katika namba kamili si mahali patupu. Ni namba iliyovishwa vazi la pengo. Kila amri ya R yenyewe hulitambua vazi hilo: ikikutana na −2,147,483,648 haijumlishi, bali husema NA. Hatari huingia pale kazi inapokabidhiwa kwa mwingine. Programu nyingi za ziada za R zina sehemu zilizoandikwa kwa C au C++ ili ziende kwa kasi, na lugha hizo hazijui habari za vazi. Mwandishi wa sehemu hiyo asipoweka ukaguzi kwa mkono wake, pengo likiongezwa 1 litakuwa −2,147,483,647, ambayo ni namba halali mbele ya R, na tangu hapo hakuna ajuaye kwamba palikuwa na pengo. Likigeuzwa kuwa desimali bila ukaguzi litakuwa −2,147,483,648 kwa uwazi. Hapo ndipo panapotoka wastani uliotajwa juu: 28 pamoja na −2,147,483,648, kugawanya kwa 5.

Mfano wa ajabu zaidi ni ule wa namba za biti 64, ambazo R haina kwa asili yake, nazo huletwa na programu ya ziada iitwayo bit64. Programu hiyo huhifadhi namba kamili ndani ya chombo cha desimali na kuibandika jina la jamii yake, ili R ijue namna ya kuisoma. Pengo, kama ilivyotazamiwa, ni namba ndogo kuliko zote katika jamii hiyo. Amri fulani ikilidondosha lile jina, chombo husomwa kama desimali ya kawaida, na umbo la pengo likisomwa kama desimali maana yake ni sifuri hasi, ambayo huchapishwa 0. Namba nyingine katika safu zitaonekana kuwa vipande vidogo mno visivyo na maana, na mtu atashtuka. Lakini safu yenye mapengo matupu itaonekana kuwa sifuri safi. Pengo na sifuri, vitu viwili ambavyo uchunguzi wote umejengwa juu ya kuvitenga, vimekuwa kitu kimoja kwa sababu ya jina lililopotea.

NA ina mlango mwingine wa kuingilia ambao wanaisimu huukuta mara nyingi kuliko wanavyotambua. Katika R, namba kamili ikizidi 2,147,483,647 haipokewi. Matokeo huwa NA, pamoja na onyo. Mtu aweza kufikiri kwamba hakuna mkusanyo wa matini za Kiswahili unaofikia maneno bilioni mbili, kwa hiyo onyo hilo halimhusu. Sivyo. Vipimo vya ufuatano wa maneno, vile vinavyotumiwa kujua kama maneno mawili yanaandamana kuliko inavyotarajiwa, huzidisha idadi ya neno la kwanza kwa idadi ya neno la pili. Neno lililotokea mara 60,000 likizidishwa kwa neno lililotokea mara 40,000, jibu ni 2,400,000,000, nalo limevuka mpaka. Na kwa kuwa amri ya R ya kuhesabu maneno hutoa namba kamili, kuzidisha huko hufanyika katika namba kamili.

Basi yatazamwe yanayofuata. Mtafiti aona NA chache katika jedwali lake, akumbuka kwamba R humruhusu kuziondoa kwa kuandika na.rm, naye aziondoa kama mtu apulizaye vumbi mezani. Alichoondoa si maneno adimu wala data mbovu. Ameondoa yale maneno yanayotokea mara nyingi kuliko yote: na, ya, wa, kwa, ni. Pengo hilo halikuzaliwa na ukosefu bali na wingi, na kuliondoa ni kukata kichwa cha lugha na kupima mwili uliosalia. Dawa ni nyepesi mno, nayo ni kuzigeuza namba kuwa desimali kabla ya kuzidisha. Hata hivyo R ina sifa ya kuonya. Programu zinazotumia namba kamili za biti 32 bila ulinzi, mathalani NumPy katika lugha ya Python, huzunguka kimya: 2,400,000,000 hugeuka kuwa −1,894,967,296. Katika mashine za Windows biti 32 ndizo zilizokuwa kawaida ya NumPy hadi toleo la 2.0 la mwaka 2024.

NumPy haina pengo lolote la namba kamili. Kwa ajili hiyo pandas, programu ya majedwali iliyojengwa juu yake, kwa miaka mingi ilifuata njia moja tu: safu ya namba kamili ikipata pengo hata moja, safu nzima hugeuzwa kuwa desimali, kwa kuwa desimali zina umbo la pengo. Dalili yake yaonekana kwa macho: 12 huwa 12.0, na 7 huwa 7.0. Wengi huipuuza. Lakini namba ya msemaji ikigeuka kutoka 104 kuwa 104.0, kisha ikaandikwa kama herufi ili iunganishwe na faili jingine, haitapata mwenzake. Tena desimali ya biti 64 huweza kushika namba kamili zote kwa usahihi hadi 9,007,199,254,740,992 tu. Inayofuata, inayoishia na 993, husomwa kuwa ile ile inayoishia na 992. Namba za utambulisho zenye tarakimu 17 au 18 huweza kuvuka mpaka huo, na hapo watu wawili wakawa mmoja kwa sababu mtu wa tatu, mahali pengine katika safu, hakuwa na namba.

Toleo la 0.24 la pandas, lililotoka Januari 2019, lilileta njia iliyo bora, ambamo safu ya namba huandamana na safu ya pili yenye kusema kwa kila mahali kama pana jibu au hapana. Namba haivishwi vazi tena. Daftari la mahudhurio huwekwa kando. Lakini njia hiyo si ya kawaida ya programu hadi mtu aiombe, nayo huombwa kwa neno Int64 lenye I kubwa, wakati int64 yenye i ndogo ni ile ya zamani. Tofauti ya maana kubwa kiasi hiki kutegemea ukubwa wa herufi moja ni jambo ambalo mtunga kamusi yeyote angelikataa.

Baada ya pengo kuhifadhiwa salama, kuna swali la jinsi linavyolinganishwa. Umri wa Juma haujulikani. Umri wa Asha haujulikani. Je, umri wao ni sawa? Jibu la haki ni "haijulikani", na ndilo R inalolitoa. Kwa hiyo kuuliza kama kitu ni sawa na NA hakuleti ndiyo wala siyo, na mtafiti hana budi kutumia amri ya pekee, is.na. Pale jibu linapoweza kujulikana bila kujua pengo, R hujibu: "haijulikani na uongo" ni uongo, maana upande mmoja umetosha kuiangusha kauli. Hii ni mantiki safi. Lakini si kila programu huifuata. Stata huhesabu pengo kuwa kubwa kuliko namba zote. SAS huhesabu kuwa dogo kuliko zote. Mtafiti anayetaka wasemaji wenye umri unaozidi miaka 60, asipoongeza sharti, katika Stata atapewa pamoja nao wote ambao umri wao haukuandikwa. Mwenzake atakaye wasemaji walio chini ya miaka 20 katika SAS atawapata wale wale katika kundi la vijana. Wa tatu, akichagua katika R kwa mabano, atapata mistari iliyojaa NA kutoka mwanzo hadi mwisho. Uchunguzi wa mabadiliko ya lugha mara nyingi husimama juu ya kulinganisha usemi wa wazee na wa vijana. Hapa watu wasiojulikana umri wamekuwa wazee mezani pa mmoja na vijana mezani pa mwingine, na faili ni lile lile.

Kosa la hila kuliko hayo yote latokana na kujumlisha. Mtafiti wa Mombasa, badala ya saa moja, amerekodi kila msemaji katika vikao vitatu, naye anaagiza jumla ya kila msemaji huku mapengo yakiachwa kando. Msemaji aliyekosa kikao kimoja atapata jumla ya viwili. Hilo ni pungufu, lakini laweza kutetewa. Msemaji aliyekosa vyote vitatu atapata 0. Kwa hesabu tupu ni sahihi, kwani jumla ya orodha isiyo na kitu ni sifuri, nazo R na pandas zakubaliana katika hilo. Kwa maana ya utafiti ni uzushi: mtu ambaye hakusikilizwa hata dakika moja ameandikwa kuwa msemaji asiyetumia kabisa umbo la Kimvita. Hakuna onyo linalotolewa, kwa kuwa mashine imetii. Katika pandas yawezekana kuagiza kwamba jumla isitolewe ila pawe na jibu moja angalau, kwa neno min_count. Katika R mtu aandike sharti hilo mwenyewe.

Lugha ya Kiswahili ina shida yake ya pekee katika habari hii, nayo ni ya kuchekesha hadi impate mtu. R na pandas zisomapo faili huzichukua herufi NA kuwa alama ya pengo. Neno na likiandikwa kwa herufi ndogo husalimika. Lakini orodha ya maneno iliyogeuzwa yote kuwa herufi kubwa, kama wafanyavyo baadhi ya watu ili kuondoa tofauti za uandishi, au orodha iliyotokana na vichwa vya habari vya magazeti, ina NA kwa wingi. Zote husomwa kuwa mapengo, na amri ya R ya kuhesabu maneno, ambayo kwa kawaida yake haihesabu mapengo, hutoa orodha ndefu na nzuri ya msamiati wa Kiswahili isiyokuwa na neno na. Tiba yake ni kuitangazia programu, kabla ya kusoma, kwamba hakuna neno lenye maana ya pengo.

Kadhalika na nafasi tupu. Wanaisimu wanajua kwamba nomino simba haina kiambishi kinachoonekana, na kwamba kutokuonekana huko ni habari: wengi huandika alama ya Ø wakimaanisha kwamba mofimu ipo ila haina sauti. Nomino ambayo bado haijachambuliwa haina hata alama hiyo. Mtu akiacha kisanduku kitupu kwa simba na kwa nomino isiyochambuliwa pia, R, katika safu ya maneno, itavisoma vyote viwili kuwa neno lisilo na herufi, na pandas itavisoma vyote kuwa pengo. Hakuna programu itakayoweza kuvitenganisha tena. Ø yenyewe iandikwe, na pengo liachwe kuwa pengo.

Majaribio yanayofichua hitilafu hizi hayahitaji ujuzi mkubwa. Lifanywe faili dogo ambalo majibu yake yanajulikana kwa kichwa: ndani yake pawe na sifuri moja ya kweli, pengo moja, msemaji mmoja asiyekuwa na jibu lolote, namba moja iliyo karibu na 2,147,483,647, na neno NA kwa herufi kubwa. Lipitishwe katika kila hatua ambayo data za kweli zitapita, na mapengo yahesabiwe kabla na baada ya kila hatua. Idadi ikipungua, pengo limekuwa namba. Ikiongezeka, namba imekuwa pengo. Na kwa vyovyote vile sababu itafutwe hapo hapo, kabla ya hatua inayofuata kuifunika. Katika jedwali la kuchapishwa, kando ya kila wastani iandikwe idadi ya waliosikika: 7 kutoka kwa wasemaji 4 kati ya 5.

Limebaki jina. Katika maandishi ya Kiswahili hutumika "thamani inayokosekana", "data pungufu", na wengine huandika "sifuri" au "tupu" bila kubagua. La kwanza ni sahihi lakini ni refu kwa kichwa cha safu. La pili lasema juu ya data yote badala ya kisanduku kimoja. Yale ya mwisho yafaa yakataliwe kwa sababu zilizokwisha kuelezwa. Neno pengo ni fupi, lina wingi wake, na kila mtu alijua tangu utoto kwa habari ya meno. Mwenye pengo husemwa kuwa amepotewa na jino, wala hasemwi kuwa na jino la ukubwa wa sifuri.